Kuhakiki kumbukumbu za meli za abiria za zamani: jina, njia, siku na mwaka

mkusanyaji_tanga

Habari zenu wanajamvi. Nakusanya kumbukumbu za wazee waliosafiri kwa meli kubwa za abiria kati ya pwani yetu, Bombay na London, kuanzia miaka ya 1930 hadi 1970. Masimulizi yapo mengi, ila ukiyapanga pamoja yanagongana. Mmoja anasema alikwenda London na "Kenya" mwaka 1953, mwingine anaapa kwamba "Kenya" ilikuwa na dohani (bomba la moshi) nyekundu, wa tatu alilala kwenye mkeka ndani ya "Kenya" hiyohiyo. Kuna anayehesabu siku sita kutoka Bombay hadi Mombasa na kuna anayehesabu kumi. Wengine Dar es Salaam walishuka kwa mashua, wengine walikanyaga gati moja kwa moja.

Sitaki kumwambia mzee kwamba amesahau ilhali mimi ndiye nisiyejua. Naomba wenye ujuzi wanisaidie: meli nitaitambuaje, tarehe nitaipataje, na majina ya abiria yako wapi?

kilindini_kale

Mkuu, wazee wako watatu wanaweza wote kuwa sahihi, kwa sababu jina "Kenya" lilibebwa na meli zaidi ya moja.

Ya kwanza ni Kenya ya kampuni ya meli ya British India, ya mwaka 1930, mwenzake Karanja ya 1931. Hizo zilifanya njia ya Bombay, Afrika Mashariki na Durban. Vita vilipokuja zote mbili zilichukuliwa na jeshi la majini la Uingereza. Karanja ilizama Bougie, Algeria, Novemba 1942. Kenya ikabadilishwa jina ikaitwa Keren na haikurudi kwetu. Kwa hiyo aliyelala kwenye mkeka ndani ya "Kenya" alisafiri kabla ya vita, na alikuwa abiria wa deki, yaani wa kulala sitahani, kwenye njia ya Bombay.

Ya pili ni Kenya ya 1951, ya kampuni hiyohiyo, pacha wake Uganda ya 1952. Zote mbili zilijengwa na Barclay Curle, Glasgow, na ukubwa wa usajili wa kila moja ulizidi kidogo tani 14,400. Njia yake ilikuwa London, Port Said, Aden, Mombasa, kisha Tanga, Zanzibar, Dar es Salaam na Beira. Kulikuwa na daraja la kwanza na daraja la watalii, basi. Mzee akikuambia alikwenda London akiwa amelala sitahani na familia imejipikia, usiandike kwamba ni meli hizi.

Ya tatu ni Kenya Castle ya kampuni ya Union-Castle, na hapo ndipo dohani nyekundu inapotokea. Watu walikata jina wakasema "Kenya" tu. Dada zake ni Rhodesia Castle na Braemar Castle, zote za Harland & Wolff, Belfast, 1951 na 1952. Zilizunguka Afrika nzima: London, Suez, pwani yetu, Cape (ncha ya Afrika Kusini), London tena, au kinyume chake. Ndani mlikuwa na daraja moja tu. Mzee akisema "hapakuwa na kwanza wala pili, sote tulikula ukumbi mmoja", anza na hizi.

Kwa hiyo usianze na jina. Muulize rangi ya dohani kwanza, kwa sababu mtu aliyepunga mkono bandarini saa nzima huikumbuka dohani hata jina likimtoka:

- nyeusi yenye mikanda miwili myeupe: British India
- nyekundu yenye ncha nyeusi, na ubavu wa meli rangi ya kijivu cha zambarau: Union-Castle

Kisha muulize alilala wapi, alikula na nani, na meli ilitia nanga wapi baada ya Aden au baada ya Bombay. Ikiwa ilipita Shelisheli, hiyo ni njia ya Bombay. Baada ya vita walioshika njia hiyo ni Kampala ya 1947 na Karanja mpya ya 1948, zote za Alexander Stephen, Glasgow, za tani elfu kumi na kitu. Huko ndiko kulikokuwa na daraja la kwanza, la pili, na mamia ya abiria wa deki. Na Karanja nayo zimekuwa mbili, kwa hiyo mwaka lazima uandikwe pembeni ya jina kila mara.

serehangi

Nichukue suala la siku, kwa maana hesabu yake ni nyepesi na inakamata makosa mengi.

Noti moja ni maili moja ya baharini kwa saa, yaani kilomita 1.852. Meli ya noti 16 hukata maili 384 kwa siku moja ya saa 24. Bombay hadi Mombasa moja kwa moja ni karibu maili 2,400, kwa hiyo siku sita na robo. Ukipitia Shelisheli inafika karibu maili 2,750, ambazo ni siku saba na kidogo za kuwa njiani, ongeza na muda wa kutia nanga Victoria, huko Shelisheli. Meli kongwe ya noti 12 hukata maili 288 tu kwa siku, na safari hiyo ya Shelisheli inakuwa siku tisa na nusu. Siku sita na siku kumi zote zinawezekana, ila si kwa meli moja na njia moja.

London hadi Mombasa kupitia Suez ni kama maili 6,200. Kwa noti 16 ni siku 16 za mwendo mtupu. Ongeza bandari za njiani, ongeza Mfereji wa Suez ambako meli huenda kwa msafara, polepole, na kula zaidi ya nusu siku, unapata wiki tatu ambazo wazee wengi wanazitaja. Akitaja wiki mbili, muulize kama alipandia Marseille. Abiria wengi walivuka Ufaransa kwa treni ili kukwepa Ghuba ya Biscay.

Angalia na miaka ambayo Suez ilifungwa: mwisho wa 1956 hadi Aprili 1957, tena Juni 1967 hadi Juni 1975. Aliyetoka London Januari 1957 hakupita Port Said. Alizunguka Cape, maili zaidi ya 8,500, na kwa mwendo uleule hizo ni siku 22 na zaidi bila kuhesabu bandari. Kenya na Uganda ziliondolewa kwenye njia yetu miaka ya mwisho ya 1960. Kenya ilivunjwa La Spezia, Italia, mwaka 1969. Uganda iligeuzwa meli ya wanafunzi, mwaka 1982 ikawa meli ya hospitali katika vita vya Falkland, na Agosti 1986 kimbunga kikaipindua huko Kaohsiung, Taiwan, ilikokuwa imepelekwa kuvunjwa. Ilistahili mwisho bora kuliko huo.

Msimu nao usiusahau. Wakati wa kusi (upepo wa msimu kutoka kusini), hasa Juni hadi Agosti, mkondo wa pwani ya Somalia hukimbia kwa nguvu kuelekea kaskazini-mashariki, na meli inayotoka Aden kwenda Mombasa inapambana na upepo na mkondo kwa pamoja. Umbali wa Aden hadi Mombasa ni maili 1,600 hivi, saa 100 kwa noti 16. Mkondo ukikunyang'anya noti mbili kwa wastani zinakuwa saa 114. Mzee akisimulia kwamba madirisha ya kabini yalifungwa kwa siku kadhaa, joto likawa halivumiliki, na chumba cha kulia kilibaki kitupu, kuna uwezekano mkubwa ilikuwa kusi. Kabini za chini zilikuwa karibu na mstari wa maji, na mawimbi yakipanda, baharia hupita na ufunguo wa shaba kukaza vioo. Hewa ikabaki ile ya mabomba ya feni tu. Hilo linakupa miezi hata kama mwaka umepotea.

mkusanyaji_tanga

Ahsanteni sana, hili la kuanzia dohani limenifungua macho. Nina vitu viwili zaidi. Picha ya meli nyeupe yenye mstari mweusi ubavuni na dohani nyeusi ya mikanda miwili, imefungwa gatini, na nyuma imeandikwa kwa kalamu "Uganda, Dar es Salaam, 1953". Pia kibandiko cha sanduku chenye herufi kubwa M ndani ya duara na maneno NOT WANTED ON VOYAGE. Familia inadhani mizigo yao ilikataliwa.

kilindini_kale

Tarehe ya picha hiyo siikubali, kwa sababu mbili.

Kwanza rangi. Kenya na Uganda zilipoanza kazi zilikuwa na ubavu mweusi wenye mstari mweupe. Nyeupe yenye mstari mweusi ilikuja katikati ya miaka ya 1950.

Pili gati. Kabla ya 1956 meli kubwa Dar es Salaam zilitia nanga ndani ya bandari, abiria wakashuka kwa mashua na shehena ikashushwa kwenye matishari (mashua bapa za mizigo). Gati za kina kirefu zilifunguliwa Oktoba 1956, na Binti Mfalme Margaret ndiye aliyezifungua. Kwa hiyo picha ni ya baada ya hapo, au si Dar. Mombasa ilikuwa na gati za kina Kilindini tangu miaka ya 1920, na picha nyingi za Kilindini zimeandikwa Dar kimakosa. Tazama nyuma ya meli: Dar utaona mji na mnara wa kanisa la Kilutheri karibu na maji, Kilindini utaona mabohari na ng'ambo yenye miti. Zanzibar na Tanga abiria wa meli za ukubwa huo walishuka kwa mashua, kwa hiyo picha ya gatini haielekei kuwa ya huko.

Ushahidi wa rangi na wa gati nao unakwenda upande mmoja tu. Ubavu mweupe unakataa 1953, lakini mashua na matishari pembeni ya meli hazithibitishi kwamba ni kabla ya 1956, kwani hata baadaye gati zilijaa na meli zikasubiri nangani.

Kutenganisha Kenya na Uganda: jina la omoni (mbele ya meli) likiwa halisomeki, pima dohani. Ya Uganda ni ndefu zaidi. Chukua rula, gawanya urefu wa dohani kwa kimo cha jengo la sitaha lililo chini yake, halafu linganisha na picha ambayo jina lake linaonekana wazi, iliyopigwa kwa pembe inayofanana. Kabla ya hapo hakikisha picha haijasafishwa kinyume, kulia ikawa kushoto. Maandishi yoyote, hata ya kwenye boti za kuokolea, yanatosha kukuonyesha.

Ukiiskani, tumia dpi 600, skani na mgongo wake, na usikate ukingo mweupe. Muhuri wa studio na aina ya ukingo husaidia kukadiria miaka.

bi_karani

Mwanangu, iambie familia mizigo yao ilifika salama. Maneno hayo yanamaanisha sanduku halihitajiki njiani, liwekwe ngamani (tumboni mwa meli) mpaka mwisho wa safari. Kulikuwa na aina tatu: la kabini, la kuhitajika njiani ambalo liliwekwa chumba cha mizigo na kufunguliwa kwa saa maalumu, na hilo lenu. Herufi M ni ya jina la ukoo. Kwenye banda la forodha mizigo ilipangwa kwa herufi, kila familia ikasimama chini ya herufi yake. Kwa hiyo kama ukoo wenu wa sasa hauanzi na M, kuna jina lililoandikwa vingine kwenye tiketi, na utalihitaji huko mbele. Sanduku la kabini lenyewe lilikuwa la kimo cha sentimita 36 hivi, ili liingie chini ya kitanda. Mkilipima mtajua lilinunuliwa kwa kazi gani.

Sasa majina ya abiria. Hifadhi ya Taifa ya Uingereza, Kew, ina mafungu mawili. BT 27 ni ya waliotoka bandari za Uingereza, 1890 hadi 1960. BT 26 ni ya walioingia, 1878 hadi 1960. Yote mawili yameskaniwa: BT 27 iko kwenye tovuti ya Findmypast, BT 26 iko kwenye tovuti ya Ancestry, na zote hulipiwa. Baada ya 1960 hakuna orodha humo.

Mambo yanayowapotezea watu muda:

Safari ya Bombay hadi Mombasa haimo kabisa, kwa kuwa haikugusa Uingereza. Aliyepandia Marseille naye hayumo kwenye BT 27, hata kama meli yenyewe ilianzia London.

Usitafute kwa jina la mtu. Makarani waliandika walivyosikia: Mohamed, Mahomed, Muhammad, na "bin" imewekwa mara nyingine kama jina la ukoo. Tafuta kwa jina la meli na mwezi, kisha soma orodha yote ukurasa kwa ukurasa, ukitazama umri, kazi na bandari ya kushukia. Mke na watoto mara nyingi wako chini ya mume, wakati mwingine bila jina lao kamili.

Tarehe ya orodha ni ya kuondoka au kufika Uingereza, si ya Mombasa. Rudi kwenye hesabu ya serehangi uongeze au upunguze wiki tatu.

Kwa njia ya Bombay, anza na pasi ya zamani: mihuri ya kutoka na kuingia inakupa tarehe mbili. Ukishazipata, nenda kwenye magazeti ya wiki hizo. Mombasa Times na Tanganyika Standard zilikuwa na matangazo ya meli, na wakala wa British India kwetu alikuwa Smith Mackenzie, kwa hiyo macho yatafute jina hilo kwanza. Tangazo litataja meli, bandari na tarehe inayotarajiwa. Linganisha na tarehe ya muhuri: muhuri ukichelewa siku moja au mbili ni kawaida, hasa miezi ya kusi. Ukipishana kwa wiki, hiyo ni meli nyingine.

Kwenye daftari lako weka safu tofauti kwa alichosema mzee, kwa maneno yake, na safu nyingine kwa ulichothibitisha na wapi. Usifute safu ya kwanza hata ikipingana na ya pili. Huyo wa "Kenya" ya mkeka angefutwa na mtu aliyejua meli ya 1951 peke yake.