Mjadala: Je, msimbo wa programu huria upangwe upya kabla ya kuafikiana?

Ndugu washiriki, mwenzetu ametoa hoja kwamba programu huria ni mali ya wote, kwa hiyo yeyote ana haki ya kuupanga upya msimbo wake, yaani maandishi ya maagizo yanayoiendesha, ilimradi programu iendelee kufanya kazi ileile, na mwenye pingamizi alitoe kazi ikishakamilika. Naipinga, na sababu yangu naitoa hapahapa Tanga.

Programu yetu ya hesabu za vikoba ilikuwa na vipande viwili vya kukokotoa marejesho ya mkopo, vilivyofanana kama shilingi kwa ya pili. Kijana mmoja hodari alikesha wiki mbili akaviunganisha, akabadili majina ya faili zaidi ya 40, na humohumo akarekebisha kasoro ya tarehe. Hakuna aliyeweza kuyasoma mabadiliko hayo yote kwa makini. Tuliyapokea kwa kuheshimu jasho lake, na kosa hilo ni letu watunzaji, tunaoamua kipi kiingie kwenye programu. Mwisho wa mwezi mweka hazina wa kikoba kimoja cha Ngamiani alikuja na daftari lake, akatuonyesha kwa kidole mstari baada ya mstari: hapa shilingi 30 zimezidi, pale 50 zimepungua. Kumbe kipande kimoja kilifikisha kila rejesho kwenye mia iliyo karibu, kwa kuwa wanachama waliokitumia hawashughuliki na sarafu ndogo, na kingine hakikufanya hivyo; vilipounganishwa, tofauti hiyo ikapotea.

Tulipomwomba kijana arudishe msimbo wa awali, hakuutetea msimbo tena, alitetea usiku aliokesha. Akaondoka, nasi tukapoteza mtu tuliyemhitaji. Ndiyo maana nasema ubishi utangulie jasho.

Mwandishi wa vitabu vya programu Martin Fowler, katika kitabu chake cha mwaka 1999 kuhusu kupanga upya msimbo, alieleza kuwa kazi hii ni kubadili muundo wa ndani bila kubadili tabia inayoonekana nje. Lakini nani anaijua tabia hiyo yote, kama hayajaandikwa majaribio ya kuhakiki kwamba programu inatoa majibu yaleyale? Mradi wa Linux, mfumo endeshi huria wa kompyuta, unataka kila badiliko lije peke yake, na msimbo unaohamishwa kutoka faili moja kwenda nyingine usiguswe katika badiliko hilohilo. Sisi tulichanganya yote matatu: kuunganisha vipande, kubadili majina na kurekebisha kasoro.

Hata hivyo, mwenzetu ana haki katika jambo moja: watunzaji wengi hunyamaza, na kunyamaza huko kunachosha kuliko kukataliwa. Mwishoni mwa 2014 baadhi ya wachangiaji wa Node.js, programu huria ya kuendeshea msimbo wa JavaScript, kwa kutoridhishwa na jinsi mradi ulivyoendeshwa, walijitenga wakaanzisha toleo lao, io.js, na pande hizo hazikuungana tena hadi 2015. Mradi mdogo kama wetu hauwezi kugawanyika ukabaki hai.

Kwa hiyo napendekeza anayetaka kupanga upya aandike kwanza aya chache za kueleza kinachomsumbua, nasi tulazimike kumjibu kwa sababu zinazoeleweka ndani ya siku 14. Tukinyamaza hadi muda huo upite, aanze na kipande kimoja chenye majaribio yake, wala asilaumiwe.