Je, Mkatoliki anaweza kukubali kauli isiyo kweli wala uongo?

Mwanzisha mada, Masasi
Tumsifu Yesu Kristo. Kwenye kikao cha vijana wa parokia yetu, mwenzetu mmoja alisisitiza kwamba mantiki yoyote inayoacha kanuni ya kale, yaani kila kauli ama ni kweli ama ni uongo, ni adui wa imani na haifai kufundishwa. Mimi napinga. Aristotle mwenyewe, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale, alisita alipofika kwenye kauli za kesho, na mwaka 1920 mwanamantiki Jan Łukasiewicz wa Poland akaunda mantiki ya thamani tatu: kweli, uongo na isiyoamuliwa. Nikisema leo kwamba bei ya korosho itapanda kwenye mnada wa kesho, kauli hiyo haijawa kweli wala uongo, kwa kuwa wanunuzi hawajatoa bei zao. Anayeona hatari hapo amekariri katekisimu bila kugusa falsafa.

Katekista, Ndanda
Milele na milele, amina. Mwanangu, katekisimu naifundisha, siikariri, na maneno yako ya mwisho yameniumiza kwa niaba ya wengi. Mungu anaijua bei ya mnada huo. Mtakatifu Tomaso wa Akwino, mwanateolojia mkuu wa karne ya 13, anasema Mungu ni kama mtu aliye mahali pa juu, anayewaona kwa pamoja wasafiri wote wa njia nzima, ilhali aliye njiani hawaoni wanaomfuata nyuma. Ikiwa Mungu anajua, kauli yako ina jibu leo hii, hata kama sisi hatulijui.

Msomaji, Lindi
Shikamoo, Mama Katekista. Mfano huo ni wa Tomaso kweli, lakini ameuweka kwenye umilele, ambako hakuna leo wala kesho. Tomaso huyo huyo anafundisha kwamba jambo lisilo la lazima, yaani linaloweza kutokea au lisitokee, likitazamwa ndani ya visababishi vyake, bado halijaamuliwa. Isitoshe, upo waraka wa Papa, wa miaka ya tisini kama sikosei, unaosema Kanisa halina falsafa yake lenyewe.

Mwalimu wa hisabati, Mtwara Mjini
Waraka huo ni *Fides et Ratio* wa Yohane Paulo II, mwaka 1998, aya ya 49. Lakini ndugu wa Lindi asiishie hapo, kwa sababu aya ya 4 inaitaja kanuni ya kutokupingana, yaani kauli na kinyume chake haziwezi kuwa kweli kwa pamoja, miongoni mwa mambo ambayo akili ya binadamu inayashika kila mahali. Mnachanganya mambo mawili: kuiacha kanuni ya kale ya "ama kweli ama uongo", na kuruhusu kupingana. Mantiki iliyotokana na mawazo ya Brouwer, mwanahisabati Mholanzi, inakataa tu kusema "ama hiki ama kinyume chake" pasipo uthibitisho. Kupingana haikuruhusu, na Michael Dummett, mwanafalsafa Mwingereza na Mkatoliki, aliitetea maisha yake yote ya kazi. Mwanafalsafa Graham Priest anakwenda mbali zaidi: kwake zipo kauli ambazo ni kweli na uongo kwa pamoja. Mwanafalsafa Jc Beall naye, mwaka 2021, alidai kwamba Kristo mwenyewe ni mpingano wa kweli, yaani zipo kauli juu yake zilizo kweli pamoja na kinyume chake. Hilo silikubali hata kidogo. Mtaguso wa Kalkedonia, mkutano mkuu wa maaskofu wa mwaka 451, ulikiri nafsi moja katika maumbile mawili, kwa hiyo Kristo alikufa kwa ubinadamu wake, wala hakufa kwa umungu wake. Hapo hakuna kauli moja inayokiriwa na kukanwa kwa maana ile ile.

Katekista, Ndanda
Kuhusu Kristo tuko pamoja, Mwalimu. Kuhusu korosho, bado. Wakulima wanakuja kuomba sala usiku wa kuamkia mnada. Kama jibu limekwisha kuwapo, niwaambie wanaomba nini?

Msomaji, Lindi
Mama, Tomaso anajibu kwamba hatusali ili kubadili mpango wa Mungu, bali ili tupate yale aliyopanga yapatikane kwa sala. Hivyo sala ya usiku huo ni mojawapo ya visababishi, na kabla haijasaliwa, visababishi havijakamilika.

Mwanzisha mada, Masasi
Basi hiyo ndiyo thamani ya tatu.

Katekista, Ndanda
Hapana, mwanangu. Visababishi kutokamilika ni jambo moja, na kauli kukosa ukweli ni jingine. Nionyeshe ni wapi Tomaso ameyaunganisha.