Smoka ya umeme: nyama inaiva vizuri ila ladha ya moshi hakuna, msaada wakuu

mlajinyama
Wakuu habari za saa hizi. Nina smoka ya umeme (jiko la kuivisha nyama taratibu kwa moshi), lile kabati lenye koili chini na trei ya kuwekea vipande vya mbao. Nyama inalainika hadi mfupa unachomoka wenyewe lakini moshi wa kutafuta kwa tochi. Naweka nyuzi 107, mbao nimeloweka usiku kucha, mwanzoni unafuka kidogo halafu kimya. Na nikikata, ule mduara wa pinki unaokuwa chini kidogo ya uso wa nyama ya moshi siuoni kabisa. Shida ni mashine au mimi?

Koili_Moto
Acha kuloweka mkuu. Maji hayazami ndani ya mbao, yanakaa juu juu tu, koili inapoteza muda kuyachemsha na huo unaouona mwanzoni mwingi ni mvuke. Halafu kabati lenyewe linatunza joto vizuri mno, thamostati (kidhibiti joto) ikifika ulipoweka inakata, na mbao zinaitegemea koili hiyohiyo ziungue, sasa koili ikilala na moshi umelala. Mimi napandisha hadi 130 hivi kabla ya nyama, nasubiri mbao zishike ndo nashusha. Kitundu cha juu kiwe wazi chote!! Watu wanaziba eti wanatunza moshi, kumbe ukituama humo nyama inakuwa chungu kama masizi.

fundi wa jiko
Sawa ila bado atahangaika. Dawa ni tyubu ya peleti, kile kibomba cha chuma chenye matundu. Jaza peleti, vile vijiti vidogo vya unga wa mbao ulioshindiliwa, washa ncha moja, acha ishike kama dakika 10 halafu puliza mwali uzime. Koili ikate isikate, tyubu inafuka masaa.

mlajinyama
Niliazima moja mkuu, nikifunga mlango tu inazima

fundi wa jiko
Inakosa hewa hiyo. Vuta trei ya mbao nje kidogo hewa ipite, na maji kwenye sufuria ya humo ndani punguza au toa kabisa. Ikigoma weka tyubu kwenye sanduku la chuma pembeni, moshi uingie kwa bomba.

Mama Jiko
Jamani huo mduara usimuumize kichwa, ni rangi tu hauna ladha. Unaletwa na gesi za kuni na mkaa vikiungua, koili inafukiza mbao tu bila mwali, gesi hizo zinakuwa chache ndo maana hauuoni, akiutaka sana atupie kipande cha mkaa kwenye trei. Cha maana nyama iingie ya baridi, imetoka friji saa hiyohiyo na juu iwe na unyevu, moshi unapenda kushika hapo. Ikishakauka inyunyizie maji. Na smoka ikae nje ya nyumba tafadhali.

Koili_Moto
Hujasema mbao gani. Msonobari au mabaki ya seremala yenye rangi na dawa, tupa. Tafuta mti mgumu mkavu au wa matunda.

mlajinyama
Mti wa matunda, mkavu. Basi kesho siloweki, nijaribu tyubu na mkaa kwa pamoja?

Mama Jiko
Tyubu kwanza. Ukichanganya vyote utajuaje kipi kimekusaidia