Alifungua boksi la filamu juani, na sasa anatangaza kwamba kamera yangu imechoka!

Fundi wa Kampemba:

Ndugu zangu wa Lubumbashi, ninaandika nikiwa na hasira na sitasubiri zipoe, kwa sababu maneno niliyoambiwa jana jioni mbele ya watu bado yananiwasha masikioni. Jina lake sitalitaja, wala hakuna haja. Kila mtu aliyewahi kusimamisha stendi ya miguu mitatu katika mji huu anamjua: yule bwana wa koti la mifuko mingi, ambaye hutembea na kipima-mwanga shingoni hata akitumwa sokoni kununua unga, ambaye alijifunza kamera kubwa, ile inayotumia filamu za kipande kimoja kimoja, kwa kutazama video mbili na sasa anawafundisha wenzake.

Bwana huyo alifungua boksi la filamu juani.

Tulikuwa tumekwenda kupiga picha ya lile dohani kubwa la kiwanda cha shaba na kilima cheusi cha mabaki yake kilicho kando yake. Mimi nilikuwa chini ya kitambaa cheusi, ninaitazama picha ikiwa imesimama kichwa chini miguu juu kwenye kioo cha ukungu, ndipo nikasikia mlio wa karatasi ngumu ikisuguana na karatasi ngumu. Fundi yeyote anaujua mlio huo, na anajua kwamba haupaswi kusikika nje ya chumba cha giza. Nikatoa kichwa. Kifuniko cha kwanza kilikuwa tayari juu ya boneti ya gari. Cha pili kilikuwa mkononi. Cha tatu kilikuwa kinavuliwa. Kabla sijapata sauti, alikwisha kuchana mfuko wa ndani, akazitoa filamu zangu na kuzipanua kama karata, saa sita mchana, hakuna hata wingu moja kutoka Kipushi mpaka Likasi. Nilipopiga kelele alinitazama kwa mshangao, akasema: «Ninahesabu tu kama zimebaki za kutosha, mzee.»

Anahesabu tu! Filamu ya kasi ya 100, ikipigwa picha katika jua kali kwa tundu la f/16, inatosheka na 1/100 ya sekunde. Yeye aliipa jua zima la Katanga, bila lenzi, bila tundu, bila shata ya kufungua na kufunga nuru, kwa muda uliotosha kunisimulia habari za binamu yake. Boksi lina vifuniko vitatu vinavyovaana, lina mfuko usiopitisha nuru, na limeandikwa wazi kwamba lifunguliwe katika giza tupu. Watengenezaji wangeongeza kufuli na mbwa, bado bwana yule angefungua ili ahesabu.

Nilimwambia azitupe zote. Akajibu kwamba sekunde chache haziwezi kudhuru kitu, akaziweka ndani ya begi lake, akaondoka nazo. Wiki iliyofuata mjomba wake, mtu ninayemheshimu sana, akaniomba nimwazime kijana kamera, nami nikampa nikiamini amenunua filamu nyingine. Kumbe zilikuwa zilezile alizozihesabu juani! Jana akazileta zikiwa zimesafishwa, nyeusi tititi, akaziinua mbele ya taa watu wote wakiona, akasema: «Mvukuto wa mzee una matundu. Kamera imechoka, na mwenyewe amechoka nayo.»

Mvukuto wangu, yaani ile sehemu ya mikunjo inayounganisha lenzi na nyuma ya kamera, huukagua kwa kuingiza taa ndani yake katika chumba cha giza na kutazama kila mkunjo na kila kona, na hakuna nukta hata moja ya nuru inayotoka. Isitoshe, negativu zake, yaani filamu zilizosafishwa, ambazo huwa nyeusi kila palipopata nuru, zilikuwa nyeusi hadi ukingoni kabisa. Filamu ikiwa ndani ya shasi, yaani kibebeo bapa kinachoiingiza kwenye kamera, kingo zake hufunikwa na reli za shasi, kwa hiyo hata mvukuto uwe umeliwa na panya, ukanda mwembamba wa pembeni hubaki mweupe. Ikiwa nyeusi mpaka ukingoni, basi ilipata nuru ikiwa nje ya shasi. Ikiwa wapi? Mkononi mwake, ikihesabiwa!

Ninataka aje aombe radhi mbele ya watu walewale.

Leki wa Katuba:

Pole sana, mkubwa. Namfahamu bila wewe kumtaja, maana alikuja kwetu akafundisha vijana kwamba filamu ina pande mbili na zote ni sawa. Sawa vipi? Ukiishika filamu wima gizani, vipengo vya ukingoni vikiwa juu upande wa kulia, uso wenye dawa unakutazama wewe, na ndio unaopaswa kuielekea lenzi. Vijana wanne waliziingiza kinyume kwa amri yake. Picha zikatoka hafifu mno, na mabango ya maduka yakasomeka kutoka kulia kwenda kushoto. Alipoulizwa, akasema ni mtindo.

Mwenye Shasi Sita:

Kwa heshima, mzee, mimi nina swali ambalo wengine wanaogopa kuliuliza. Hilo boksi lilifuata nini juani? Kinachokwenda kazini ni shasi zilizokwisha kujazwa nyumbani, mbili mbili kila shasi, na boksi hubaki kabatini. Wewe ulibeba boksi zima hadi kwenye dohani, ukaliacha juu ya gari karibu na mtu ambaye mji mzima unamjua, kisha ukaingia chini ya kitambaa na kutuachia sisi malalamiko. Nimesoma uzi wako nikacheka hadi mke wangu akaja kuuliza kuna nini.

Fundi wa Kampemba:

Boksi lilifuata mfuko wa giza, ndugu, ule wenye mikono miwili, ambao mtu hubadilishia filamu popote alipo. Mfuko huo ulikuwa hapo hapo kando ya boksi, umekunjwa vizuri, na bwana yule aliusogeza ili apate nafasi ya kuweka kifuniko cha kwanza! Aliusogeza kwa mkono wake! Alikuwa na giza mkononi, akaliweka pembeni, akafungua boksi juani.

Mama Picha:

Mimi nawahurumia nyote, lakini filamu ya dohani inaweza kurudiwa, kwa kuwa dohani halihami. Mimi niliharibiwa bibi harusi. Mpwa wangu, ambaye nimemlea kama mwanangu, aliachiwa kamera ya filamu za inchi 4×5 kwa picha moja tu ya bibi harusi na nyanya yake. Nyanya alikuwa ametoka Kolwezi kwa ajili ya siku hiyo. Alikaa kitini, akavuta pumzi, akashikilia mkono wa mjukuu wake bila kutikisika, kwa sababu zamani walizoea hivyo mbele ya kamera. Mpwa akatazama kwenye kioo, akalenga, akaingiza shasi, akavuta kifuniko cha shasi. Shata ilikuwa bado wazi!

Ili kuona picha kwenye kioo ni lazima shata ifunguliwe, hilo linaeleweka. Lakini ukimaliza kulenga unaifunga, unaikaza, unaifyatua mara moja bila filamu ili usikie kama inafanya kazi, unaikaza tena, ndipo unaingiza shasi. Mpwa alikwisha kuichoma filamu kabla ya kugusa waya wa kufyatulia. Kisha akageuza shasi upande wa pili akarudia vilevile. Nyanya amerudi Kolwezi, na mimi sina hata picha moja ya mkono ule.

Mwenye Shasi Sita:

Hapo sina la kucheka, mama. Pole sana.

Kamalondo Daima:

Mama, hilo ni zito, ila na mimi nisikilizwe. Kifuniko cha shasi kina upande mweupe na upande mweusi juu ya ukingo wake. Mweupe ukitazama nje, filamu haijapigwa; mweusi ukitazama nje, imekwisha kupigwa. Hata ukiwa gizani, upande mweupe una vinundu vya kupapasa kwa kidole. Jirani yangu, ambaye nanyi mnamjua kwa sababu ana desturi ya kuazima vitu bila kuuliza, alirudisha vifuniko vyangu vyote vikiwa upande mweupe, vilivyopigwa na visivyopigwa. Filamu moja nikaipiga mara mbili, na sasa ninayo picha ya kanisa kuu la Watakatifu Petro na Paulo likiwa na uso wa mjomba wake katikati ya mlango, anatabasamu, ukubwa wake kushinda wa mapadri wote. Nilimwonyesha, akaomba nakala.

Fundi wa Kampemba:

Tafadhali tusitoke kwenye mada. Mimi ninamzungumzia mtu aliyefungua boksi juani.

Mchimba Malakiti:

Mada tumeielewa, mzee, alifungua boksi. Mimi malalamiko yangu ni juu ya mtu aliyenilipisha kazi mbovu. Nilimpa kipande cha malakiti, lile jiwe la shaba, chenye mistari mizuri ya kijani, nikamwomba anipigie picha kwa ukubwa wake halisi. Akaniletea negativu zinazokaribia kuwa tupu. Nikamuuliza ametumia lenzi gani, akasema ya milimita 150. Mvukuto aliuvuta kiasi gani? Milimita 300. Sasa, ukiuvuta mvukuto mara mbili ya urefu wa lenzi, nuru inayofika kwenye filamu inapungua hadi robo, kwa hiyo unahitaji kuongeza muda mara nne. Yeye alipiga kwa muda aliousoma kwenye kipima-mwanga, kana kwamba anapiga picha ya mlima! Na baada ya kuniharibia, alinieleza kwamba jiwe langu ndilo lenye giza.

Leki wa Katuba:

Huyo atakuwa ni yuleyule.

Mchimba Malakiti:

Siye, huyu hana koti.

Msomi wa Kenya:

Kwa kuwa dohani limetajwa, nami ni mtu wa Kenya, mtaa wa hapa hapa Lubumbashi, niseme jambo ambalo linanikera kila nikiona picha za mji huu. Mbona madohani yote ya Lubumbashi yanalala? Watu wana kamera yenye mbele inayopanda na kushuka, wanaibeba kilo nyingi kutoka nyumbani, kisha wakifika wanaiinamisha kamera nzima kutazama juu kama wanaotumia simu! Nyuma ya kamera, yaani mahali filamu ilipo, ni lazima isimame wima sawasawa na jengo. Kisha unapandisha lenzi peke yake mpaka ncha ya dohani iingie kwenye kioo. Ukipandisha kupita duara la nuru linalotupwa na lenzi, pembe za picha zinakuwa nyeusi, na ndiyo maana kioo kilichokatwa pembe ni msaada mkubwa, kwa kuwa unaweza kuchungulia pembeni na kuiona lenzi yenyewe.

Halafu wapo waliosikia habari za Theodor Scheimpflug, yule Mwaustria wa hataza ya mwaka 1904, wakadhani kuinamisha lenzi mbele ni dawa ya kila kitu. Ukiinamisha lenzi, eneo linaloonekana wazi linalala pamoja na ardhi. Ni vizuri ukitaka reli yote ionekane wazi kutoka miguuni mwako hadi mbali, lakini dohani lililosimama kando ya reli hiyo litakuwa wazi chini na ukungu juu. Nimeliona hilo kwenye maonyesho, limetundikwa ukutani, na mwenyewe akipokea pongezi.

Kamalondo Daima:

Ukungu huo ni afadhali kuliko madoa. Msomi, mbona hukusema lolote kuhusu madoa? Tangu Mei hadi Septemba vumbi letu jekundu linaingia mpaka ndani ya sukari. Picha zangu zote za kiangazi zina madoa meupe angani, na fundi anayenichapishia anasema ni vumbi lililoingia kwenye shasi zangu, na kwamba mimi ni mchafu.

Msomi wa Kenya:

Ni kweli ni shasi zako. Safisha shasi.

Mama Picha:

Si kweli hata kidogo, na Msomi asimsingizie mtu! Vumbi likikaa juu ya filamu ndani ya shasi, linazuia nuru, kwa hiyo mahali pale kwenye negativu panabaki pasipo rangi, na kwenye picha iliyochapishwa panatoka doa jeusi. Doa jeupe linatokana na vumbi lililokaa juu ya negativu wakati wa kuchapisha. Kamalondo, mwenye vumbi ni huyo fundi wako aliyekuita mchafu.

Kamalondo Daima:

Nilijua! Na nimemlipa!

Mwenye Shasi Sita:

Hata hivyo, shasi zisafishwe. Mimi hutumia brashi laini ya rangi, ile ya bei ndogo, na nikimaliza ninaziweka kwenye mfuko wa plastiki wa kufunga, kila shasi na mfuko wake.

Leki wa Katuba:

Brashi inahamisha vumbi tu kutoka kona hii kwenda ile. Mwaga maji sakafuni, funga madirisha, subiri vumbi litulie, ndipo ujaze filamu usiku.

Mwenye Shasi Sita:

Usiku umeme ukirudi ghafla na swichi uliiacha imewashwa, utajaza filamu gani?

Fundi wa Kampemba:

Kuna aliyemwona leo yule bwana?

Leki wa Katuba:

Taa huondolewa kwenye soketi yake kabla ya kuanza, kila mtu anajua hilo. Rudi kwenye brashi.

Msomi wa Kenya:

Nimesoma tena maelezo ya Mama Picha kuhusu doa jeusi na doa jeupe. Yuko sahihi, na mimi nilikosea kumlaumu Kamalondo. Lakini brashi iwe ya manyoya wala isiwe ya plastiki, kwa sababu plastiki ikisugua plastiki katika hewa kavu ya Julai inalivuta vumbi badala ya kulifukuza.

Mwenye Shasi Sita:

Ya kwangu ni ya manyoya ya mbuzi, ninaweza kukuonyesha. Nani ameuliza plastiki?