Just Mercy: Rob Morgan alidhulumiwa na sitanyamaza

Wakuu, hili limenikaa kooni tangu Oscar za 2020. Mwaka ule waigizaji 20 waliteuliwa kuwania tuzo, Mweusi akawa mmoja tu, Cynthia Erivo. Filamu ya Just Mercy, ya mwongozaji Destin Daniel Cretton, haikuteuliwa Oscar hata kipengele kimoja. Na hata humu, mtu akiomba filamu kali za mahakamani anatajiwa zilezile za miaka yote, hii inarukwa.

Kwa ambao hawajaiona, ni kisa cha kweli. Walter McMillian wa Alabama alibambikiwa kesi ya mauaji ya msichana mzungu yaliyotokea Monroeville mwaka 1986. Watu kibao waliapa kwamba siku hiyo walikuwa naye nyumbani kwake, lakini ni Weusi, nani angewasikiliza? Jopo la wananchi likapendekeza kifungo cha maisha, jaji akalipuuza na kuandika kifo! Wakili Bryan Stevenson akapambana hadi McMillian akatoka gerezani 1993.

Michael B. Jordan (Stevenson) na Jamie Foxx (McMillian) wako vizuri mno. Foxx hata chama cha waigizaji wenzake kilimteua, Oscar ndio waliojifanya vipofu. Ila kinachonichoma zaidi ni Rob Morgan. Anaigiza Herbert Richardson, mfungwa mwenzake McMillian aliyehukumiwa kifo, mwanajeshi aliyerudi kutoka Vietnam akili ikiwa imevurugika, bomu alilotega likaua mtoto. Hakatai kosa lake, na hapo ndipo kazi inapokuwa ngumu: unatakiwa umhurumie mtu mwenye hatia. Morgan hapigi kelele. Anaongea kama anayeomba radhi kwa kuwepo. Wanamnyoa, wanampeleka kwenye kiti cha umeme, wimbo wa kanisani aliouomba unapigwa, huku wafungwa wenzake wakigonga vikombe kwenye nondo ili ajue hayuko peke yake. Tazameni macho yake pale. Mimi nilisimamisha filamu, nikashindwa kuendelea.

Halafu Tim Blake Nelson, anayeigiza Ralph Myers, shahidi wa uongo aliyemsingizia McMillian. Mdomo umepinda, macho hayatulii, unamchukia tangu anapoingia. Anapokalia kiti cha shahidi na kukiri kwamba alishinikizwa kudanganya, chuki yote inakuishia. Dakika chache tu za kazi!

Kuna wanaosema filamu imepooza, inafuata njia iliyozoeleka. Kesi yenyewe ndivyo ilivyokwenda: rufaa, kukataliwa, rufaa tena, na mtu anazeeka selo. Mlitaka wamwekee milipuko?

Waliowania tuzo ya mwigizaji msaidizi mwaka ule ni Brad Pitt, Tom Hanks, Anthony Hopkins, Al Pacino na Joe Pesci. Wakongwe wote, heshima zao nawapa. Lakini wewe unayeiita Just Mercy ya kawaida, njoo hapa unitajie tukio moja, kutoka kwa yeyote kati ya hao watano, linalofikia lile la Morgan kwenye kile kiti. Taja filamu, taja tukio.