"Imebaki kumalizia tu": matangazo yanayoua soko la Cobra za kopi Uingereza

Wakuu, yatosha sasa. Kila siku vilio: Cobra za kopi (magari ya kuunga mwenyewe yanayoiga AC Cobra, gari la michezo la zamani) haziuziki, vijana wa leo hawapendi magari. Vijana wana kosa gani? Cobra halisi zilitoka takriban 1,000 tu kati ya 1962 na 1967, kwa hiyo wateja wa kopi walikuwepo tele. Mmewafukuza wenyewe kwa matangazo ya "asilimia 95 tayari".

Hiyo asilimia 5 iliyobaki ni ukaguzi wa IVA, yaani wa serikali kwa gari moja moja kabla ya usajili, na bila huo gari jipya la kuunga halisajiliwi. Mkaguzi anapitisha tufe la milimita 100 juu ya bodi. Kila kona linapogusa sharti iwe na mviringo wa milimita 2.5 au zaidi. Zile nati za mabawa kwenye rimu, mlizofunga kwa ajili ya picha, zinaangukia hapo hapo. Ekzosi za ubavuni zikivuka desibeli 99, geuza gari.

Tuje kwenye ekseli ya nyuma ya Jaguar XJ6 ya zamani, inayofungwa kwenye kopi nyingi, maana hapo ndipo mnunuzi anapolia. Diski zake za breki haziko kwenye magurudumu, ziko ndani kabisa, zimebana difu (gia za katikati ya ekseli). Breki ya mkono ina kalipa zake ndogo (vibano vya diski) hapo hapo juu. Gari likilala miaka kwenye banda zinaganda, mkono unavutwa na gurudumu linazunguka. Kama sakafu ya buti haikukatwa kidirisha cha kupitisha mkono na spana, unafungua paipu za breki, unatoa propela shafti, unashusha ekseli nzima. Kwa sababu ya kalipa ya kukaa kiganjani! Kidirisha mngekikata kabla ya kubandika kapeti.

Na mipira ya petroli? E10, petroli yenye ethanoli hadi asilimia 10, imeingia vituoni tangu Septemba 2021. Mipira ya zamani inalainika, inatoa jasho, na chini yake kuna injini ya V8 ya moto. Mnauza bomu.

Karatasi ndiyo usiseme. Risiti hakuna, kadi ya gari lililotoa vipuri hakuna. Asili isipothibitishika DVLA (wasajili wa magari wa Uingereza) wanatoa namba za Q, za magari yenye asili au umri usiojulikana, na bei inaporomoka.

Anayeuza aweke picha ya difu kwa chini, risiti na cheti cha IVA. Hana? Aandike "rundo la vipuri", na bei iwe ya rundo la vipuri.