Ilijulikanaje kabla ya kompyuta kwamba 2147483647 ni namba tasa?

Mdadisi
Ndugu wanahesabu, nafahamu kwamba mwanahisabati Euler alithibitisha mwaka 1772 kuwa 2^31 − 1, yaani 2147483647, ni namba tasa. Kipeuo chake cha pili kinazidi 46340 kidogo, na chini ya hapo kuna namba tasa zaidi ya 4700. Je, aligawanya kwa kila moja kwa mkono, au umbo la namba yenyewe lilimpunguzia kazi?

Kigawo
Umbo ndilo lililompunguzia kazi, na hoja yenyewe ni nzuri mno. Tuchukulie q ni kigawo tasa cha 2^31 − 1, maana yake 2^31 ikigawanywa kwa q hubaki 1. Kipeo kidogo kabisa cha 2 kinachotoa baki hilo lazima kiwe kigawo cha 31, na kwa kuwa 31 ni tasa, kipeo hicho ni 31 yenyewe. Kanuni ya Fermat nayo inasema 2^(q − 1) hutoa baki 1, kwa hiyo 31 ni kigawo cha q − 1. Na kwa vile q ni witiri, q − 1 hugawanyika kwa 62. Itazame hoja hii kwenye 2^11 − 1 = 2047 = 23 × 89: ukitoa 1 katika kila kigawo unapata 22 na 88, zote zikigawanyika kwa 22.

Baki
Naongeza hatua iliyobaki. Kwa kuwa 2^32 hutoa baki 2 kwa q, basi 2 ni kipeo cha pili cha 2^16 katika hesabu ya mabaki, na jambo hilo huruhusu q kubakiza 1 au 7 tu inapogawanywa kwa 8. Ukiunganisha masharti yote mawili, q lazima ibakize 1 au 63 inapogawanywa kwa 248. Namba tasa ya kwanza ya aina hiyo ni 311, na inayofuata ni 1303! Hadi kufikia 46339 zinabaki 84 tu za kujaribu.

Mdadisi
Nashukuru sana. Je, 2^136279841 − 1, iliyogunduliwa mwaka 2024 ikiwa na tarakimu 41024320, nayo ilichujwa hivyo?

Kigawo
Kuchuja vigawo ni hatua ya awali tu. Kwa 2^p − 1, p ikiwa tasa na witiri, kipimo cha Lucas na Lehmer huanza na 4, kisha kila mara unaipandisha namba kwenye kipeo cha pili, unatoa 2 na kubakiza baki la kugawanya kwa 2^p − 1. Baada ya hatua p − 2, ukipata 0, namba ni tasa. Usipopata 0, si tasa. Kwa 31, yaani 2^5 − 1: 4 huzaa 14, 14 huzaa 194 ambayo baki lake ni 8, na 8 huzaa 62, baki 0. Kwa 2^31 − 1 hatua ni 29 tu, ingawa kila moja ni nzito kuliko mgawanyo mmoja kati ya ile 84.